Tunaookota mawe ya urembo mashambani na porini, tupeane uzoefu

Jiwe_Kijani
Habari zenu wadau. Uzi huu ni wa wale ambao mvua ikikatika wakipita korongoni macho yanashuka chini yenyewe. Wenye kompresa na baruti wana mambo yao, hapa naongelea sisi wa kuokota, jiwe la kuweka mezani, la kuchonga, au la kumpelekea fundi atoe kidani. Kila mtu aseme alianzia wapi, alikosea wapi, na alielewana vipi na mwenye eneo, maana hapo ndo wengi tunaharibu.

Naanza mimi. Longido. Kule kuna lile jiwe la kijani lenye madoa mekundu na michirizi myeusi, kijani ni zoisaiti, nyekundu ni rubi yenyewe, nyeusi ni hornblendi. Wazungu wanaliita anyolite, na jina wamelichukua kwenye Kimaasai, anyoli, yaani kijani. Wengi hawajui kwamba tanzanaiti nayo ni zoisaiti, madini yaleyale, tofauti ile ya Mirerani inapitisha mwanga na hii ya Longido haipitishi, ndo maana hii inachongwa vinyago na mayai na shanga kubwa.

Basi tulishuka na mwenzangu kwenye korongo moja asubuhi, mvua ilinyesha usiku, jua bado liko chini, na huo ndo muda mzuri kuliko wote kwa sababu vumbi limeoshwa na rangi inajitokeza. Ndani ya saa mbili tukawa na nusu kiroba. Hatukumuuliza mtu yeyote, tuliona pori tukasema ni pori tu. Wakaja vijana wawili na ng'ombe, wakatuambia kwa upole mnaitwa bomani. Tukaenda. Mzee tukamwamkia, akaitikia, akauliza swali moja: hicho kiroba mmepewa na nani?

Nilikosa jibu. Nikamwaga mawe yote pale chini mbele yake.

Akatueleza taratibu kwamba lile korongo ndo njia ya mifugo kwenda kunywa maji, mwaka uliopita watu walikuja kama sisi wakachimba ukingoni wakaondoka na shimo likabaki wazi, ndama akatumbukia akavunjika mguu. Halafu akanionyesha kwa fimbo kule juu, palikuwa na nguzo fupi ya saruji ambayo mi nilipita pembeni yake nikadhani ni alama ya barabara, kumbe bikoni, alama ya mpaka wa leseni ya mtu ya kuchimba madini. Yaani ningepanda hatua mia zaidi ningekuwa naokota ndani ya leseni ya mtu, na huo ni wizi hata kama jiwe limelala juu ya nyasi.

Hakutufukuza. Alituambia turudi kesho yake tukiwa na mtendaji wa kijiji, tukarudi, tukakubaliana tunaokota juu tu bila jembe na tunaacha kitu kidogo kwa ajili ya birika la mifugo. Akatupa na mjukuu wake atutembeze. Yule dogo alikuwa na chupa ya maji, kila jiwe analimwagia kwanza ndo analitazama, likilowa rubi inawaka kama kaa la moto, likikauka linarudi kuwa jiwe tu. Mi nilikuwa navunja kila jiwe kwa nyundo nione ndani, nimeharibu mengi mno, nikiyakumbuka naumia hadi leo.

mama_kalalani
Asante kwa uzi huu mwanangu. Mimi nimekulia Kalalani, Korogwe, karibu na mto Umba, sisi watoto tulikuwa tunachezea ganeti, yale mawe ya vito, kama wengine wanavyochezea kete. Baba alinisimulia kwamba wanunuzi zamani walikuwa wanataka rodolaiti, ile ganeti ya zambarau, sasa kukawa na jiwe lingine la rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi, halieleweki ni kundi gani, wanalikataa, linatupwa pembeni. Ndo likaitwa malaya, kwa kuwa halina kwao. Baadaye watu wakagundua ni ganeti ya aina yake na wakaanza kulitafuta kwa jina hilohilo mpaka nje ya nchi.

Jina hilo sijawahi kulipenda. Mama yangu aliyaokota yaliyotupwa akawa anayaweka kwenye chungu kidogo cha maji dirishani, jua la jioni likipiga ukuta mzima unakuwa rangi ya embe bivu. Chungu hicho ninacho mimi sasa. Watu wameshataka kununua, nimekataa.

Chamwino2
Mi niko upande wa Haneti, Dodoma, kule kwetu ni krisopresi na opali ya kijani, ule ukijani unatokana na nikeli. Nawaambia kosa langu ili mwingine asirudie. Nilipata kipande kizuri sana cha kijani cha tufaa, shambani kwa shangazi wakati wa kulima, nikakiosha nikakianika juu ya bati kikauke, nikasahau, nikasafiri. Narudi baada ya wiki kadhaa rangi imepauka, si ile tena. Baadaye fundi mmoja akaniambia jua kali na joto la muda mrefu ni adui wa krisopresi, inatakiwa ikae kivulini. Sasa hivi zangu zote nazifunga kwenye kitambaa na kuziweka chini ya kitanda.

mtaita
Salamu kutoka Voi, Kenya. Huku kwetu ni savoraiti, ganeti ya kijani, jina limetoka Tsavo. Ilionekana kwanza upande wenu Tanzania mwaka 1967, kwetu ikapatikana 1971, halafu Tiffany, wale wauza vito wa Marekani, wakaitangaza 1974 dunia ikaijua. Ukiitafuta fuata udongo wa grafiti, ule mweusi wa kung'aa, ukishika mikono inakuwa kama umebeba makaa, na jiwe lenyewe hujificha kwenye vifundo vya mviringo kama viazi. Sasa kiazi kimoja ukikivunja unaweza kukuta kijani chote kimepasukapasuka hakuna hata punje ya kukata, na kingine unatoa kipande safi kidogo tu, hiyo kidogo ndio inakulipa.

Lakini mimi ninalotaka kusema ni mashimo. Kuna mashimo ya zamani yameachwa kila mahali na nyasi zimefunika, jirani yangu aliingia kwa moja akifuata mbuzi wake, alivunjika nyonga, tulimtoa na kamba ya ndoo. Tafadhali mkienda kuokota mtembee na fimbo ndefu mkipima mbele, na msiende peke yenu. Na ukichimba hata futi moja, fukia.

fundi_wa_kinoo
Jiwe_Kijani, nakuongezea kwenye hilo la Longido maana nalisugua kila wiki. Rubi ugumu wake ni 9, zoisaiti iko kati ya 6 na 7, kwa hiyo ukisugua kwa msasa wa kawaida kijani kinaliwa na rubi inabaki imetuna, ukipitisha kidole unahisi vipele. Wengi wanadhani jiwe lina kasoro, hapana, ni msasa. Tumia unga wa almasi tangu mwanzo, na maji mengi, usikandamize. Maji pia ni kwa ajili ya mapafu yako, vumbi la mawe ukilivuta kila siku linakuua polepole, na ukilisugua kavu barakoa ya kitambaa haisaidii.

mjukuu_mahenge
Wakuu shikamooni, mi mgeni. Babu yangu Mahenge ana jiwe jeupe la marumaru analozuilia mlango, lina vipunje vyekundu. Je ni rubi? Na tukiokota mengine shambani kwake si ni yetu?

Jiwe_Kijani
Marhaba. Angalia umbo la kipunje. Kikiwa na pembe sita kama nati, inaweza kuwa rubi. Kikiwa kama piramidi mbili zimegandana tako kwa tako, pande nane, hiyo ni spineli, jiwe lingine la vito, na Mahenge ndo kwao, mwaka 2007 pale Ipanko yalitoka makubwa ya makilo kwa makilo. Usijaribu kukikwangua kwa msumari, kimemezwa na marumaru, utavunja vyote.

La pili sikiliza vizuri. Shamba ni la babu, ila madini yaliyomo ni mali ya umma, kwa hiyo kuchimba na kuuza kunataka leseni, ile ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania tu na inadumu miaka 7. Nenda ofisi ya Afisa Madini wa mkoa ukaulize kama hapo hakuna mtu ameshakata leseni, wengi wanagundua wamechelewa. Na kuuza, peleka soko la madini, yapo tangu 2019, usimpe mtu anayekuja na begi usiku. Ila kabla ya yote hayo kaa na babu umweleze, mana akisikia kwa watu utakuwa umemvunjia heshima.

mjukuu_mahenge
Nimerudi. Nilikaa naye jana jioni nikamweleza kila kitu, nikamwazima lenzi. Vina pande nane, amevihesabu mwenyewe mara mbili akiwa mlangoni kwenye mwanga. Amesema alilitoa mtoni mwaka aliomuoa bibi kwa sababu lilikuwa zito na limekaa vizuri chini. Ameruhusu tukaulize kwa Afisa Madini, kesho naenda naye. Lakini jiwe la mlango kasema linabaki mlangoni.