Mafundi wa kuhamisha minazi Bagamoyo, mnatuuzia maiti zilizosimama

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, asiyetaka apite.

Kuanzia Mapinga mpaka Bagamoyo mjini kila nyumba mpya inataka mnazi mkubwa getini. Hakuna ubaya, mnazi ni katika miti michache mikubwa inayokubali kuhamishwa. Ndiyo maana inaudhi kuona inakauka mmoja baada ya mwingine, halafu fundi aliyeshakula hela anakwambia "bosi, udongo wako una chumvi". Chumvi ipi? Mnazi si mti wa ufukweni?

Mnaua tangu kwenye kung'oa. Mnafunga mnyororo shinani, mnavuta kwa kijiko. Mnazi hauna mzizi mkuu, una mamia ya mizizi yenye unene wa kidole cha mwisho, yote inatoka kwenye kitako, yaani sehemu ya chini kabisa ya shina. Mzizi uliokatwa kwa beleshi kali una nafasi kama nusu kwa nusu ya kuchipua tena nyuma ya mkato. Ulionyofolewa huchanika mpaka kitakoni, basi tena. Mwagieni maji ya kutosha jana yake, maana mchanga wetu mkavu unamwagika kama sukari. Chimbeni mzunguko wa sentimita 45 hadi 60 kutoka shinani, kisha donge la udongo na mizizi lifungwe kwa gunia la katani kabla ya kunyanyuliwa. Na mnazi ambao haujatoa shina la kuonekana uacheni ulipo, bado hauna kitako cha kuzalisha mizizi mipya.

Makole yote, yaani vichala vya nazi, yashuke, kisibaki hata kidaka. Makuti ya chini yakatwe, kama nusu ya makuti yote, yaliyobaki yafungwe pamoja kukikumbatia kilele, yaani kichipukizi cha juu kinachotoa makuti mapya.

Sasa kilele. Mnazi unacho kimoja tu, kikifa umekufa wote. Nyie mnalaza mti kwenye Fuso, kichwa kinaning'inia nyuma hewani, kila tuta kinatikisika. Kinavunjika kwa ndani, nje huoni kitu! Makuti yanabaki kijani wiki kadhaa kwa maji yaliyomo shinani, mwenye nyumba anapiga picha, anamalizia malipo. Kisha lile kuti changa la katikati linanyauka, ukilivuta linatoka lote, kwa chini limeoza na linanuka. Hapo simu ya fundi haipatikani. Kinga yake ni mirunda miwili ifungwe ubavuni mwa shina mpaka ipite kilele, kama mguu uliofungwa banzi. Kazi ya nusu saa.

Kwenye kupanda mnazidisha kina cha shimo ili mti ujisimamie bila miegemeo. Mizizi inakosa hewa, mti unadhoofika taratibu mwaka mzima, na lawama inakwenda kwa anayemwagilia. Kina kiwe kile kile cha zamani, mti ushikiliwe na mirunda 3 au 4 kwa miezi 6 au zaidi, upepo wa kusi si mchezo. Misumari msiipigilie shinani, mnazi hauzibi jeraha kama mwembe. Zungusheni gunia, juu yake vipande vya mbao vilivyokazwa kwa mkanda, na misumari iishie kwenye hizo mbao.

Na nani aliwaambia mjaze samadi mbichi shimoni? Chonga, yule mbawakawa anayetoboa minazi, anazaliana humo humo kwenye samadi, nanyi mnamwekea mnazi wenye majeraha pembeni. Rudisheni udongo ule ule huku mkimwaga maji ili mashimo ya hewa yazibe. Baada ya hapo ndoo 3 kila siku mwezi wa kwanza. Mbolea isubiri kuti jipya.

Wanunuzi, shikilieni malipo ya mwisho. Siku ya kupanda, fundi apande ngazi achore mstari mmoja unaopita kuti la katikati na kuti la jirani. Kuti la katikati likikua, mstari wake utapanda juu kuliko wa jirani. Usipopanda baada ya miezi 3, msilipe.

Wenye minazi iliyohamishwa tangu masika, kalivuteni lile kuti la katikati taratibu, kisha mje mseme hapa limeshika au limetoka.