Wikipedia darasani: tuikataze au tuifundishe?

Mtoa mada, Kisumu:
Juzi mwalimu mwenzangu wa Historia aliwarudishia wanafunzi sita wa Kidato cha Tatu kazi zao kuhusu reli ilivyofika hapa Kisumu mwaka 1901. Zote zina wino mwekundu: "Rudia. Wikipedia si kitabu." Hoja yake ni moja: kinachohaririwa na yeyote hakiaminiki. Nampinga.

Kitabu nacho hukosea. Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala za sayansi za Wikipedia na za ensaiklopidia ya Britannica bila kuwaambia ipi ni ya nani. Katika jozi 42, Wikipedia ilikutwa na kasoro 162, Britannica 123. Britannica waliupinga sana uchunguzi huo, lakini hata wao hawakudai kwamba hawakosei. Na kosa la kitabu halitoki. Atlasi ya kabatini kwetu bado inaihesabu Nakuru kuwa mji tu, ilhali ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021.

Mchangiaji, Nakuru:
Asante kwa kutukumbuka, mwalimu, ila usiruke ya Seigenthaler. Mwaka huohuo wa 2005, mwanahabari huyo wa Marekani aliandikwa kwenye Wikipedia kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Kennedy. Uongo mtupu, na ulikaa miezi minne. Aliyeuandika alikuwa akimtania mwenzake kazini! Ikiwa mtu mashuhuri hivyo hakuonekana, MCA wetu, mwakilishi tu wa wadi katika bunge la kaunti, atasafishwa na nani?

Mtoa mada:
Hapo umenibana. Ndiyo maana siwaambii wanafunzi waiamini; nawaambia wachungulie nani analinda ukurasa. Ukurasa unaosomwa na maelfu, ukipakwa matope asubuhi, mara nyingi adhuhuri umeshaoshwa. Usio na mlinzi ni shamba lisilo na ua. Wikipedia ya Kiskoti iliumbuka mwaka 2020: makumi ya maelfu ya makala yalikuwa yameandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha yenyewe. Ya Kiswahili ipo tangu 2003, na mikono inayoihariri ni michache mno. Hofu yangu iko hapo.

Mchangiaji, Kakamega:
Mwanafunzi gani atachungulia? Ana bando la shilingi ishirini na kazi ya kuwasilisha kesho.

Mtoa mada:
Dakika tano, ndugu yangu. Nilibonyeza "historia" ya ukurasa mmoja kwenye simu yangu, wakazungukia meza: tarehe, saa, jina la aliyehariri, sentensi iliyofutwa. Msichana mmoja akauliza mbona mtu mmoja amebadilisha takwimu ileile mara tatu bila kutaja chanzo. Kitabu gani kingemfanya aulize hivyo?

Mchangiaji, Nakuru:
Na wale sita walirudia?

Mtoa mada:
Walirudia. Nimezisoma jana. Wanne wameleta aya zilezile, koma kwa koma. Wamefuta neno "Wikipedia" tu.