Naomba ushauri: NOLOCK kwenye ripoti, niitoe au niiache?

Wakuu habarini, nimekuta ripoti zetu karibu zote zimewekwa NOLOCK (maelekezo ya SQL Server ya kusoma data bila kusubiri kufuli za wengine, hata ambayo haijathibitishwa) ili zisisubiri wanaoingiza data, na kweli zinakimbia, ila juzi jumla ya malipo ilitoka kubwa kuliko halisi kumbe ilisoma muamala ambao haujathibitishwa na baadae ukaghairiwa!! Mbaya zaidi hata rekodi zilizothibitishwa zinaweza kusomwa mara mbili au kurukwa kabisa, na watu wanafanya maamuzi kwa namba hizo, inaniuma sana.

Nafikiria kuwasha READ_COMMITTED_SNAPSHOT (mpangilio wa databesi unaofanya ripoti isome toleo la mwisho la rekodi lililothibitishwa, bila kusubiri wanaoandika), ipo tangu SQL Server 2005, ila matoleo ya zamani ya rekodi yanakaa tempdb (databesi ya muda ya SQL Server) na yetu inajaajaa. Aliyewahi kufanya hivi kwenye databesi yenye watumiaji wengi, ulianzia wapi?