Mchungaji apimwe kwa idadi au kwa uaminifu? Tujadili

Mpanzi
Wapendwa, Bwana asifiwe. Naleta hoja hii nikiwa na uchungu. Uongozi wa juu wa kanisa letu umeanza kuwapa wachungaji malengo ya mwaka: waumini wapya wangapi, wabatizwe wangapi, sadaka ipande kwa asilimia ngapi. Asiyefikisha anahamishwa, na mchungaji wetu ameshapewa barua. Fomu yao ya taarifa ya robo mwaka nimeisoma mstari kwa mstari. Ina nafasi ya mahudhurio, ya zaka, ya waliobatizwa. Haina mstari hata mmoja wa kukesha hospitalini na mgonjwa asiye na ndugu, na hiyo ndiyo kazi mchungaji wetu aliyokuwa akiifanya usiku baada ya usiku. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Kama mwenye kukuza ni Mungu, mbona barua ameandikiwa mpanzi? Msimamo wangu: kiongozi wa Kikristo afanye kazi yake kwa uaminifu, mavuno amwachie mwenye shamba.

Jembe la Bwana
Ndugu Mpanzi, pole kwa yaliyompata mchungaji wenu, lakini hoja yako ina tundu. Yule aliyefukia talanta yake kwenye Mathayo 25 aliirudisha kamili, haikupungua kitu. Akaitwa mtumwa mbaya na mlegevu. Siku ya Pentekoste Luka ameandika watu wapata 3,000, na sura mbili mbele hesabu ya wanaume imefika kama 5,000. Kuna mtu alihesabu, na Roho Mtakatifu hakuona vibaya iandikwe. Nimeona uvivu mwingi ukivishwa kanzu ya "namtumaini Mungu". Mtu anayekimbia hesabu ana jambo.

Binti Sayuni
Jembe, Daudi naye alihesabu watu, unajua kilichofuata. Tauni, wakafa 70,000. Hata Yoabu, ambaye mikono yake ilijaa damu, aliliona kosa hilo kabla ya mfalme. Gideoni aliambiwa jeshi lake ni kubwa mno, likapunguzwa kutoka elfu ishirini na kitu hadi mia tatu, ili Israeli wasijisifu. Mungu wetu hajawahi kutegemea wingi. Na msisahau, katika wale kumi na wawili aliyekuwa na shughuli ya mfuko na mahesabu tunamjua. Ni Yuda.

Mweka Hazina
Nilikuwa nasoma kimya ila hapa nimeguswa. Dada Binti Sayuni, hilo la Yuda uliondoe. Unajua kazi yetu wewe? Ibada ikiisha, ninyi mnasalimiana nje, sisi tunabaki watatu ofisini, mlango wazi. Mfuko unamwagwa mezani, noti zinanyooshwa moja moja, sarafu zinapangwa, bahasha za zaka zinafunguliwa mbele ya macho ya wote. Kila mmoja anahesabu kivyake, tukipatana ndipo tunasaini. Tusipopatana hata kwa sarafu moja, tunarudia kuanzia mwanzo. Hatulipwi. Yohana hakusema kosa la Yuda ni kuhesabu, alisema alikuwa mwivi.

Binti Sayuni
Mtumishi, sikumtaja mtu. Nimerusha jiwe gizani. Likimpata mtu tutasikia sauti.

Mweka Hazina
Hiyo siyo lugha ya mtu wa Mungu. Unawachafua watu wanaotumika bila malipo, halafu unajificha nyuma ya methali. Jibu hoja: Paulo alipobeba mchango wa watakatifu kupeleka Yerusalemu, kwa nini aliutuma ujumbe wa watu kadhaa akiwemo Tito? Soma 2 Wakorintho 8. Alikuwa akijiepusha na lawama juu ya ile fedha, akitaka mambo yawe mema si mbele za Bwana tu, bali hata mbele ya wanadamu. Naye Paulo alikuwa hana imani?

Mama Kwaya
Mweka Hazina nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kanisa nililokuwa nikisali zamani tulichangia ujenzi miaka na miaka. Mama mmoja mjane aliuza mbuzi wake. Tulipoomba tusomewe mapato na matumizi, jibu lilikuwa "jengeni imani, acheni maswali". Aliyeuliza mara ya pili akaondolewa kwenye kamati. Kuta zipo hadi leo, hazina paa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kiongozi amtumaini Mungu asiulizwe matokeo, moyo unashtuka. Kumtumaini Mungu ni kwako wewe kiongozi. Kutoa hesabu ni kwetu sisi tuliotoa.

Shemasi Mdogo
Mama, umenena. Watu wanapenda kumtaja George Müller wa Bristol, aliyelea maelfu ya yatima bila kumwomba mtu fedha, akipiga magoti tu. Ni kweli. Lakini yule mzee aliandika michango kwa uangalifu mkubwa na kuchapisha taarifa watu wasome. Magoti na daftari vilikaa nyumba moja.

Mpanzi
Jamani, nani amezungumzia fedha? Fedha zikaguliwe, zikaguliwe hata kila wiki. Mimi naongelea roho za watu. Adoniram Judson, mmishonari kutoka Marekani, alifika Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1813. Muumini wa kwanza alibatizwa 1819. Miaka sita! Yeremia anasema mwenyewe amenena nao miaka 23 na hawakusikiliza. Kwa fomu hii ya robo mwaka, Yeremia angehamishiwa wapi? Yesu mwenyewe, Yohana 6, wengi wa wanafunzi wake walirudi nyuma wasiandamane naye tena, na hakulegeza neno ili mahudhurio yapande. Aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama wao nao wanataka kuondoka.

Jembe la Bwana
Judson hakukaa miaka hiyo akingoja. Alikuwa anajifunza lugha, anatafsiri. Biblia nzima ya Kiburma aliimaliza 1834. Ile ni kazi unayoweza kuishika mkononi. Basi tupime kazi, tusipime mavuno, nadhani hapo tutaelewana. Na Binti Sayuni, jeshi la Gideoni lilikuwa 32,000. Waoga 22,000 wakarudi, wakabaki 10,000, ndipo wakachujwa wakawa 300. Tunayajua haya kwa kuwa mtu alihesabu.

Binti Sayuni
Mungu ndiye aliyepunguza, Jembe. Hapo ndipo unaporuka kila mara.

Mwalimu wa Jumapili
Niongeze kidogo. Kanisa la Willow Creek kule Marekani lilikuwa mfano wa kuigwa kwa wingi wa watu na vipindi. Mwaka 2007 walitoa matokeo ya utafiti wao wenyewe, wakakiri kwamba mtu kushiriki shughuli nyingi za kanisa hakukumaanisha anakua katika kumpenda Mungu. Wote wawili mfikirie hilo: walikuwa wanapima kisichostahili, na walikuja kujua kwa kupima.

Mpanzi
Mwalimu, asante. Sisi wazee wa kanisa tunaandika barua kupinga uhamisho. Tunatafuta cha kuweka humo, kwa sababu machozi yetu hawatayasoma.

Mweka Hazina
Wekeni waliotembelewa. Nani aliuguzwa, nani alizikwa, ndoa ipi iliyokuwa inavunjika ikapona, kama wenyewe wanaridhia kutajwa. Kama fomu haina nafasi, bandikeni karatasi nyuma.

Binti Sayuni
Yaani na wagonjwa nao waingizwe kwenye mahesabu?

Mweka Hazina
Waandikwe kwa majina. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina, ipo Yohana 10.

Binti Sayuni
Majina, sawa. Jumla chini ya ukurasa msiweke.

Mweka Hazina
Haitawekwa. Ila neno la Yuda bado lipo pale juu.