Naomba ushauri: kuzoesha injini mpya ya ndege ya modeli, Cox .049

Wakuu, habari zenu. Nina Cox .049 mpya, zile ndogo za karibu cc 0.8, haijawahi kuwaka. Mafuta yake ni methanoli, nitro (nitromethane, ya kuongeza nguvu) asilimia 15 na mafuta ya nyonyo asilimia 20. Pistoni haina ringi, ni chuma kwa chuma, kwa hiyo naogopa kubana sindano (skrubu ya kupunguza au kuongeza mafuta yanayoingia) mapema ikachemka.

Nafikiria kuifunga kwenye ubao na propela ya inchi 6 kwa 3, sindano wazi, itoe moshi mzito na kutema mafuta, kisha nizime, ipoe kabisa, nirudie. Nitajuaje sasa iko tayari kubanwa? Nifuate mlio, au niizungushe kwa mkono ingali ya moto nione kama inakaba? Na nyonyo niongeze? Mliowahi kuzitumia nielekezeni, naipenda mno injini hii.