Neno "kiti" asili yake nini?

mdau_keko: Wakuu habari zenu, nipo hapa Keko kwa mafundi samani naona meza imetoka kwa Wareno, wao wanasema mesa, sasa kiti je? Maana hadi nyama ya nguruwe mjini inaitwa kitimoto

mama_temeke: Mwanangu kiti ni Kibantu chetu kabisa, mzizi ni -ti uleule wa mti. Na kwenye ngoma za pepo yule aliyepandwa ndo anaitwa kiti, pepo kamkalia kichwani

wa_sinza: Mbunge akifariki kiti kinabaki wazi, mwenyekiti ndo usiseme. Halafu kuna kuwekwa kitimoto, unabanwa maswali mpaka jasho linakutoka

mdau_keko: Asante sana mama, hiyo ya pepo ngeni kwangu, nimeipenda mno