Mjadala: Mwanafunzi wa India aanze na Toru Dutt, au aanze na maneno 2,000?

Mleta mada:
Wakuu, nilisoma Pune miaka mitatu. Hosteli yetu ilijaa vijana waliosoma shule kwa Kimarathi na Kihindi, kisha wakaingia chuoni kuchukua shahada ya Kiingereza. Muhula wa kwanza tu wakatwishwa Henry Derozio na Toru Dutt, washairi wa India wa karne ya 19 walioandika kwa Kiingereza. Jamaa niliyekaa naye chumba kimoja, mtu wa jimbo la Bihar, aliandika maana kwa penseli juu ya kila neno mpaka shairi lenyewe likawa halionekani. Mwishowe akanunua kijitabu cha maswali na majibu, akakariri, akafaulu. Shairi hakulisoma.

Nasema hivi: waandishi hao wa mwanzo wasogezwe mwaka wa mwisho, kijana apewe kwanza msamiati wa msingi. Derozio alizaliwa Kolkata mwaka 1809 kwenye familia ya machotara iliyozungumza Kiingereza. Toru Dutt alipitia Ufaransa na Uingereza kabla ya kufariki mwaka 1877 akiwa na miaka 21. Mtoto wa mkulima atafananaje nao? Na dawa ilipatikana hukohuko. Michael West, aliyekuwa akifundisha walimu Dhaka enzi za Waingereza, aliona watoto wa Bengal wanasomeshwa Kiingereza miaka na miaka na bado kitabu kinawashinda. Akawatungia vitabu ambavyo maneno mapya huingia machache machache. Orodha aliyoitoa mwaka 1953 ina maneno kama 2,000.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, kwa penseli ya rafiki yako nakuunga mkono, kwa orodha hapana. Ogden, Mwingereza aliyebuni Kiingereza kilichorahisishwa, alitoa yake mwaka 1930, maneno 850, vitenzi 18 tu. Matokeo yake? Badala ya "surrender" unaambiwa useme "give up". Haya, mweleze Mbihari "give" ni kutoa, "up" ni juu, halafu umshawishi kwamba ukiviunganisha maana yake ni kusalimu amri! Neno la silabi tatu analikuta kwenye kamusi na kazi imeisha. Hivi vineno vifupi ndivyo vinavyoua watu.

Tena kwa nini umeanzia kwenye mashairi? Kitabu cha kwanza cha Mhindi kwa Kiingereza ni cha safari, cha Dean Mahomet, kilichapwa Cork, Ireland, mwaka 1794. Ni barua fupifupi, za kijana wa Patna aliyefuata jeshi la Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki. Patna si ndiyo Bihar? Huyo ni wa kwao kabisa na jamaa yako! Baadaye akafungua bafu Brighton, akawa anawakanda Waingereza, na neno "shampoo" limetoka kwenye Kihindi cha kukanda. "Jungle", "loot", "bangle", yote Kiingereza kilikopa kwao, kama sisi tulivyokopa gari na laki. Mwanafunzi anaingia darasani tayari ana akiba, mwalimu anamwambia mfuko wake mtupu.

Mchangiaji wa 2:
Mnapiga hesabu za maneno mkasahau njaa. Mwalimu Savitribai Phule alitoa mashairi yake mwaka 1854 kwa Kimarathi, humo akiwahimiza watu wa tabaka la chini wajifunze Kiingereza. Mwaka 2010, kijijini Banka, Uttar Pradesh, mwandishi Chandra Bhan Prasad na wenzake Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, walianza kujenga hekalu la mungu wa kike aitwaye Kiingereza, sanamu lenye kalamu mkononi, limesimama juu ya kompyuta. Watu hao ukiwaletea Kiingereza cha maneno 850 watakuuliza: wenye nacho wanakula nyama, sisi mchuzi?

Mchangiaji wa 3:
Mimi nashangaa tu. Mwandishi wa Bengal, Bankim Chandra Chatterjee, aliandika riwaya moja kwa Kiingereza mwaka 1864, mwaka uliofuata akahamia Kibengali na hakurudi. Mshairi Madhusudan Dutt naye vilevile, alianza kwa Kiingereza akakiacha, utenzi uliompa jina ni wa Kibengali, 1861. Wenyewe walishakimbia, nyie mnawasukuma watoto warudi.

Mleta mada:
Mchangiaji wa 1, kwa Dean Mahomet umenipata, sikumfikiria. Wa 2, mchuzi siutetei, ila aliyeshinda na njaa huanzishwa na uji. Wa 3, Bankim alikimbia akiwa tayari anacho Kiingereza na cheo serikalini. Kuacha kitu unacho na kukikosa ni mambo mawili.

Jana nimempigia yule jamaa. Siku hizi ni mwalimu wa Kiingereza huko kwao. Nikamuuliza wanafunzi wake huwaanzishia nini, Derozio au orodha. Akacheka. Huwapa gazeti la Kiingereza, ukurasa wa kriketi. Anasema matokeo ya mechi wanakuwa wanayajua tangu jana yake, kwa hiyo penseli haina kazi.